Kwenda kwa Faustin kwa Njia Isiyo na Gari

Niliondoka kwa sababu ya neno moja. Miaka miwili iliyopita, hapa Hounslow, London, Faustin baba Neema alifungua mlango wa gari lake bila kutazama nyuma, na mimi nilikuwa napita na baiskeli. Goti langu likavunjika vipande, leo lina vyuma ndani. Mimi mtu wa Uvira, niliyepona vita viwili na kambi tatu, nikaja kuangushwa na mlango wa mtu ninayesali naye! Kisha Faustin akawaambia watu kanisani kwamba nilianguka mwenyewe, nimelewa. Shemasi Byamungu akalidaka neno hilo, akalisambaza kama tangazo, nikaondolewa kwenye ngoma za kwaya. Majina yao nayaandika hapa ili ninyi wa nyumbani muyajue. Nilitaka Faustin aseme kweli kwa kinywa chake. Na nilitaka anione nafika juu ya baiskeli, maana alisema sitaipanda tena.

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, binti yangu Rehema alinikuta mlangoni.

"Dad, just take the bus."

"Nikienda na basi atasema sijapona."

"You don't even know the way!"

"Nitafuata maji."

Rehema Kiswahili anakisikia chote, ila majibu yake ni ya Kiingereza. Akacheka, akanifunga kamba ya kofia shingoni kama mimi ndiye mtoto.

Barabara ya magari nilishaapa kutoirudia. Nikasukuma baiskeli pembeni, kwa miguu, mpaka Brentford unapoanzia mfereji. Huu si mto. Watu waliuchimba zamani kupitisha mashua za mizigo, na kando yake wakaacha njia nyembamba ya farasi waliozivuta. Siku hizi hupita wenye mbwa na wenye baiskeli. Gari hakuna. Nikapanda, goti likalia kidogo, likanyamaza.

Hanwell, maji yanapanda ngazi. Lango la mbao la kuinulia mashua, dimbwi, lango tena, na kila lango linavuja maji yanayoteremka kwa kelele. Hapo nilifurahi, maana nilielewa. Mtoto wa Uvira akipotea milimani hutazama maji: yanakoshuka ndiko kuna ziwa, ndiko kuna watu. Faustin anakaa Sudbury, juu, nyuma ya kilima cha Horsenden. Basi, nikasema, niende yanakotoka maji.

Saa nne nilifika Southall, na hapo mfereji ukagawanyika. Mkono mmoja unaendelea mbele, mwingine unapita chini ya daraja jeupe lililojikunja mgongo. Kuna kibao, lakini majina yake yote yalikuwa mageni kwangu. Nikachuchumaa, nikatazama maji. Majani na chupa moja ya plastiki vilikuwa vinanijia kutoka mkono wa mbele. Maji yanatoka huko, nikasema. Nikaenda huko.

Nikaenda, nikaenda. Kilima hakionekani. Nilipiga kanyagio saa nzima na zaidi, nikajiona kama mtu anayeota. Na sasa majani yalikuwa yananifuata kutoka nyuma! Maji gani haya, yanakwenda na kurudi? Nikashuka, nikasimama, sijui niko wapi. Mama mmoja mzungu alikuwa anamwagilia maua juu ya paa la mashua yake, maana wapo wanaoishi humo mwaka mzima.

"Umepoteza kitu?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Nimepoteza juu," nikamjibu. "Maji haya yanatoka wapi?"

Alipoelewa nilivyochagua njia, akaketi kabisa kwa kucheka. "Baba wee, maji haya hayaendi popote, yamefungiwa. Huo unaouona ni upepo."

Upepo! Nilikuwa Cowley, mbali kabisa. Nikageuza baiskeli na kurudi hadi daraja jeupe.

Saa tisa na nusu nilikiona kilima cha Horsenden. Njia ya mlimani ni ya udongo na mawe. Niliipanda nusu, nusu nikasukuma, goti limevimba kama papai. Kileleni London yote iko chini yako, ghorofa na moshi, na mimi sikuona kitu ila njaa. Tangu asubuhi nilikuwa na chai tupu, kwa sababu nilihesabu kufika saa sita.

Sudbury, saa kumi na nusu. Mlango ulifunguliwa na Zawadi, mke wa Faustin.

"Yaya!" akaniita, kama tunavyowaita wakubwa kwetu. "Umekuja na hiyo? Ingia, unaanguka! Baba Neema yuko kazini, anakuja sasa hivi."

Akaweka bugali mezani, na ndagala za mafuta, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na sombe ya majani ya muhogo. Harufu ikanishika. Mikono ilinawa yenyewe, ikala yenyewe. Nilikuwa nalamba vidole Faustin alipoingia. Akanitazama, akatazama sahani, nikaona mabega yake yanashuka.

Hapo ndipo nilikumbuka. Kwetu mwenye neno na mtu hali chakula nyumbani kwake. Ukishakula, neno lenu limekufa, huwezi kulipeleka kwa wazee wala kanisani. Nyote mnajua. Na mimi nilijua!

"Umeshakula, yaya," Faustin akasema taratibu.

"Nimekula."

Akaketi mbele yangu. Nadhani alikuwa amechoka kulibeba neno lile, na sasa haliwezi kumuuma. "Ni mimi," akasema. "Nilifungua mlango sikutazama. Ulevi nilikusingizia. Niliogopa polisi, nilikuwa bado sina karatasi za kukaa hapa. Nisamehe."

Ndilo neno nililoendesha baiskeli siku nzima kulitafuta, nami nilikuwa nimeliuza kwa ndagala. Sikujua nimpige au nimshukuru.

Zawadi alikuwa ameshika sufuria. "Umesema nini? Kwangu ulisema alilewa."

"Mama Neema, yamekwisha. Yaya amekula."

"Amekula yeye," Zawadi akasema. "Mimi sijala, mdomo wangu haujafungwa."

Nilirudi mwanga wa kiangazi ukiwa bado mwingi, polepole, kanyagio la mguu mmoja likifanya kazi ya mawili. Penye daraja jeupe, mfereji unapogawanyika, nilikata kushoto bila kutazama maji.

Kesho yake kanisani Zawadi alisimama, akasema yote kwa maneno machache, akaketi. Byamungu alikohoa, akatangaza wimbo. Faustin alikuwa kando ya mkewe, na hakuhama.

Nilichojifunza ni kwamba goti langu linafika Sudbury na kurudi. Mengine bado nayauliza. Nimerudishiwa ngoma, na jina langu ni safi. Ila hasira yangu, miaka miwili ilikuwa na nyumba ya kukaa. Sasa asubuhi naamka nayo, na sijui niipeleke kwa nani.