Ndege Aliyempa Anyitike Mgongo

Mzee Anyitike alikuwa amechoshwa na ule mgongo. Picha zake alikuwa nazo tele: mgongo wa kijani kwenye mvua, mgongo wa kijani kwenye ukungu, mgongo wa kijani uliofichwa nusu na jani. Ndege mwenyewe ana tumbo jekundu, lakini ndivyo alivyoumbwa. Akimwona mtu humgeuzia mgongo na kutulia tuli.

Alipostaafu udereva wa lori la majani ya chai, wenzake wa Kinyala walinunua ng'ombe wa maziwa, yeye akanunua kamera ya mtumba. Walimcheka mpaka wakachoka. Ndege wengine wa msitu wa Rungwe aliwapiga picha mmoja mmoja, akabaki huyu. Sasa magoti yalimuuma, lenzi ilianza kuota kuvu kwa unyevu wa huku kwetu, na presha ya macho ilikwisha kulichukua jicho la kulia. La kushoto nalo, daktari hakumficha, lilikuwa njiani. Alitaka kuliona lile tumbo kabla giza halijamfikia. Haja nyingine hakuwa nayo.

Nyumbani hakukuwa na wa kumsimulia. Mkewe Winfrida alishafariki, na mwanawe Obed alikuwa kazini Tunduma. Alibaki Doreen, mke wa Obed, na Doreen alikuwa akimkwepa kama mila ya Wanyakyusa inavyotaka: mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe, wala hasemi naye. Siku hizi wengi wameiacha, lakini huyu alilelewa na bibi yake kule Kisiba, na malezi ya bibi yule hayakuwa ya mchezo. Aliweka chakula mlangoni, akabisha, akaondoka. Anyitike, kama baba mkwe, angeweza kumfungulia mwiko huo kwa neno moja tu. Alichoka hata kulianza.

Asubuhi hiyo alikuwa ameketi kwenye kigogo, ndege kampa mgongo kama kawaida, mara akasikia hatua zikishuka njiani. Zikasita. Kisha kichaka cha ng'ambo kikatikisika. Alijua ni Doreen, katoka kuokota kuni, kamwona baba mkwe na kujificha amechutama, majani mabichi yakimlowesha. Asingeinuka mpaka mzee aondoke.

Heshima ilitaka Anyitike aondoke mara moja. Hakuondoka. Ndege alikuwa pale pale, na huenda leo angegeuka. Akangoja. Akamsikia mtoto wa watu akihema chini ya mzigo, akaendelea kungoja, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Mzee mzima, unamtesa binti wa watu kwa ajili ya ndege! Akashika fimbo ainuke.

"Tata, msiinuke," sauti ikanong'ona kichakani. "Kanigeukia mimi."

Anyitike akabaki na fimbo mkononi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuambiwa neno na mkamwana wake, sembuse kuitwa Tata, yaani baba, tena kwa wingi wa heshima. Na kumbe lile tumbo lilikuwa upande wa pili, likimtazama Doreen!

Aliivua kamera shingoni, akailaza juu ya nyasi, akaisukuma taratibu kwa fimbo hadi kwenye kichaka, kisha akageuza uso. "Bonyeza kile kitufe cha juu, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Usitetemeke."

Kamera ikalia, na mabawa yakapita juu ya kichwa chake. Kamera ikarudishwa kwa kijiti cha kuni, mpaka ikagusa kiatu chake.

Aliisogeza kwenye jicho la kushoto. Picha ilikuwa imetikisika. Aliona kijani, aliona doa jekundu, basi. Akaifuta kwa shati, akaitazama tena, machozi yakazidi kuiharibu.

"Doreen," akaita, na jina lenyewe likamshinda kidogo, kwa kuwa hakulizoea. "Mimi sioni vizuri. Mdomo wake una rangi gani?"

Kichaka kikatikisika. Mzee akadhani amevuka mpaka, na binti anaondoka.

"Wa njano, Tata," Doreen akasema, amempa mgongo. "Kifuani ana mkanda wa zambarau, halafu ndipo wekundu unapoanza."

"Endelea," akasema Anyitike.