Msimu Tuliofungwa Tukiwa Tumeshiba

Kila nikipita uwanja ambao majani yake yamekatwa asubuhi hiyo hiyo, pua yangu huongezea yenyewe harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Siilaumu. Msimu mmoja wa baridi hapa Merrylands, nikiwa na miaka kumi, timu ya watoto wa kanisa letu ilicheza kila Jumamosi asubuhi, umande umejaa viatuni, pumzi zikitutoka mdomoni kama moshi wa jiko, na pembeni mwa mstari mweupe sufuria zikifunuliwa moja baada ya nyingine. Tulifungwa mechi zote. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa kipimo hicho, Sydney nzima haikuwa na washindani kama sisi. Mimi nilikuwa kipa. Wenzangu walipata nafasi ya kuvuta pumzi. Mimi nilikuwa na ajira ya kudumu.

Kocha wetu, Papa Dieudonné, Mkongo aliyebeba maboksi ghalani wiki nzima, alitufundisha vizuri, na kusema kweli kipindi cha kwanza hatukuwa wabaya. Balaa lilikuwa mapumziko. Desturi ya huku ni wazazi kupeana zamu ya kuleta machungwa yaliyokatwa. Mtoto hufyonza kipande, anarudi uwanjani. Mama zetu walipoona hivyo mara ya kwanza waliona ni ukatili mtupu. "Mtoto akimbie kwenye baridi hii halafu apewe chungwa? Kwani ana mafua?" aliuliza mama yangu, ambaye ni muuguzi huko Westmead na wagonjwa anawajua. Zamu yake ilipofika, akaja na chapati na maharagwe. Jumamosi iliyofuata Mama Espoir, mzazi wa nahodha wetu, hakukubali Kongo iaibishwe: akaleta bugali, ndio ugali wa kwao, na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa yakapikika. Mwingine akajibu kwa pilau. Ikawa ligi ya akina mama, na hiyo ndiyo ligi pekee ambayo upande wetu ulikuwa na mabingwa. Kipindi cha pili tuliingia uwanjani taratibu kama maharusi. Njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya, na sisi tulikuwa tumelewa chakari.

Hakuna aliyethubutu kuwaambia waache. Ungeanzia wapi? Chakula cha mama hakikataliwi, tena mbele ya mama wengine. Lakini wazee wa kanisa walichoka kusikia matokeo, na Jumapili kabla ya mechi ya mwisho wakatangaza: tusipopata hata sare moja, timu itavunjwa, kila mtoto aende klabu ya karibu na kwao. Espoir alikaa Auburn, mimi Merrylands. Tungebaki kuonana kanisani tu, mahali ambapo hata kucheka kunahitaji ruhusa. Wiki ile tulifanya mazoezi kama watu wenye akili.

Na Jumamosi ikafika, mambo yakageuka. Espoir alipiga shuti ovyo, mpira ukagonga mgongo wa beki wao, ukajipeleka wavuni wenyewe. Mapumziko yakatukuta tukiongoza kwa bao moja kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe. Papa Dieudonné alitukusanya, macho yamemtoka. "Batoto, leo hakuna kukula! Maji tu!"

Wakati huohuo mama yangu akatokea, bado amevaa sare ya kazini, ametoka zamu ya usiku akaingia jikoni bila kulala, amekumbatia chombo cha chapati kama mtoto mchanga.

"Mama, leo hapana," kocha akamwambia kwa upole. "Tuko naongoza. Timu itavunjwa."

"Najua, nilikuwa kanisani. Ndiyo maana nimeleta nyingi." Akafungua kifuniko. "Wamalizie mechi kwa nguvu gani, Papa? Za maji?"

"Mama yangu, tumbo ikijaa, miguu inakataa."

"Onja kwanza, kisha useme hapana."

Kocha alikata kipande kidogo, kwa heshima tu. Akatafuna. Akakata kingine, na hicho hakikuwa cha heshima. Espoir akanitazama, akaniambia kwa Kiingereza, lugha yetu ya kujibia wazazi, kwamba jeshi likimpoteza jemadari vita vimekwisha. Tukala. Jamani, zilikuwa laini, za moto bado, na mama akatutazama tukila, uchovu wote ukamtoka usoni. Kipindi cha pili beki wetu alikaa chini kufunga kamba za viatu akasahau kusimama. Bao la kwanza lilinipita nikicheua. La pili lilinipita vilevile. La tatu nililiona likija, nikalisalimia.

Filimbi ilipolia, Espoir alilia machozi huku bado ana kitu shavuni. Mama hakuelewa mtoto aliyeshiba analilia nini. Akawapelekea wapinzani zilizobaki, maana wageni nao ni watoto wa watu. Timu ikavunjwa kama ilivyotangazwa.

Sasa nachezea klabu ya maana. Tuna kocha mwenye cheti, tunapimwa mbio, na aibu ya kufungwa tunaisikia kwa wengine. Mwezi uliopita tulikutana na timu ya Espoir, tukawafunga bila huruma. Tulipeana mikono, akasema, "Bro, umekuwa kipa kweli," kisha basi lao likapiga honi akaondoka. Mimi nikatembea hadi kwenye gari, kila mwenzangu ameinamia simu yake. Kufungwa kwetu kwa zamani kulijadiliwa kuanzia uwanjani hadi Jumatano, kwa vicheko, kwa matusi madogo, akina mama wakimlaumu refa kwa lugha asizozijua. Ushindi huu ulikwisha kabla sijafunga mkanda.