Kimya Mbele ya Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nimekaa benchi la nyuma katika mahakama ya mwanzo kule Korogwe, naitazama shingo ya dada yangu Mwanahamisi, aliyekaa mbele yangu tu. Alikuwa ameinamisha kichwa tangu tulipoingia. Benchi la mbele alikaa baba mkwe wake, Mzee Mhina, na sisi Wazigua tulivyolelewa, mke hamtazami baba mkwe usoni wala hapazi sauti mahali alipo. Adabu hiyo dada aliishika miaka yote ya ndoa yake.

Mumewe, Rajabu, alikuwa amempa talaka. Majirani wakamwambia dada mambo yamekwisha, afungashe arudi kwetu Kwamsisi. Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu talaka ya mume haigawi nyumba. Walikwenda kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, likashindwa kuwapatanisha, likatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na kwa hati hiyo shauri likapokelewa mahakamani. Mpaka hapo dada alikuwa amefuata njia sawasawa. Kilichobaki kilikuwa nyumba yao ya Segera: apate fungu lake humo, au atoke mikono mitupu.

Nyumba ile naijua. Matofali aliyafyatua dada, mimi nikimchotea maji. Bati zilitokana na mihogo ya kukaanga na machungwa aliyowauzia abiria pale njia panda, akikimbilia madirisha ya mabasi na beseni kichwani, tumbo la mtoto wa pili likiwa limeshakuwa kubwa.

Rajabu alisimama bila wasiwasi. "Mheshimiwa, huyu alikuwa wa kupika na kufua tu. Kiwanja changu, nyumba yangu."

Hakimu, mama wa makamo, akamgeukia dada. "Na wewe mama, ulichangia nini?"

Dada akazidi kuinamisha kichwa.

"Usiogope. Hata kupika na kulea watoto ni mchango, sheria inautambua. Lakini uniambie mwenyewe."

Dada akavuta khanga mpaka kwenye paji la uso. "Nyumba ni ya mume wangu, mheshimiwa. Sina la kusema."

"Una shahidi?"

"Sina."

Nilimvuta khanga kwa nyuma, anitaje mimi. Akausukuma mkono wangu.

Hukumu ilipotoka alipewa kitanda, vyombo, na kifungu cha fedha kisichotosha kununua hata kiwanja. Hakimu angefanya nini, na mwenye haki ametamka kwa kinywa chake kwamba hana haki? Nje, wifi yake akatucheka: "Kule kwenye mihogo si ulikuwa na mdomo wewe? Leo umeuacha wapi?"

Tukawa tunaondoka, Mzee Mhina akatufuata polepole na fimbo yake. Dada akapiga magoti palepale kwenye tope.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, mbona hukusema? Nilikuona kwa macho yangu ukifyatua yale matofali. Nilikuwa nangoja useme, unitaje, na mimi nisimame niseme kweli."

"Nilikuwa nakuheshimu, baba."

Mzee akachimbachimba tope kwa ncha ya fimbo. "Na mimi niliona vibaya kumwaibisha Rajabu bila kuulizwa." Akageuka akaenda zake.

Tuliambiwa rufaa ipo, ila ina muda wake, na huko wangesoma yaleyale yaliyokwisha kuandikwa. Yaliyoandikwa yalikuwa maneno ya dada. Muda ukapita. Mzee Mhina amekwisha kufa, na kweli yake kaenda nayo. Dada anaishi kwangu, chumba cha uani. Tukipita Segera kwa basi, yeye hugeuza uso upande wa pili.

Mwanangu, ndoa ikikushinda, usidhani talaka ya mume imemaliza kila kitu. Pitia baraza, chukua hati yake, uende mahakamani. Kuhama nyumba hakukunyang'anyi fungu lako; kukana kwamba una fungu ndiko kunakokunyang'anya. Tunza risiti na ujumbe wa kwenye simu, taja mashahidi wako mapema, na usiweke dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa. Habari ya watoto nayo iseme, maana mahakama hutazama faida yao, haitazami ukoo upi una sauti kubwa. Na kama yupo mtu ambaye mbele yake ulimi wako hautanyanyuka, mwambie hakimu kabla hujaulizwa swali la kwanza, umwombe usikilizwe faragha. Heshima kwa mkwe ina mahali pake, lakini pale mbele ya hakimu hakuna mkwe wa kukusemea.

Mungu akupe nyumba yenye amani, usije ukahitaji maneno yangu haya. Na ukiyahitaji, akupe sauti siku hiyo, ikutoke nzima, isikike mpaka benchi la nyuma.