Kidole Kilichokunjwa

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya elimu mjini Mahajanga. Mbele yangu alisimama mwalimu mgeni kazini kutoka Nosy Be, zamani mtarizi. Hakupita chuo cha ualimu. Anatafuta leseni kwa kufundisha chini ya mwalimu mzoefu, mama mmoja aliyesimama naye bega kwa bega.

Karani akamsomea mtarizi, kwa Kimalagasi: “Umefeli somo la majaribio. Mkaguzi kutoka ng’ambo ameandika kwamba kwenye ramani ulionyesha makaburi ya wafalme kwa kidole kilichokunjwa.”

“Ni mwiko kuyanyooshea kidole,” akasema yule mama.

“Mwiko haumo kwenye fomu, mama.”

“Basi nipe tarehe nyingine,” akasema mtarizi. “Nitarudia somo lile lile, kwa kidole hiki hiki.”

Karani akacheka. “Dada, ramani ni karatasi tu! Mbona hata hapa mjini masalia ya wafalme yana mahali pake, si pale…” Akainua mkono kuelekea dirishani. Kidole kikaanza kunyooka, kisha kikajikunja chenyewe.

Foleni nzima ilikiona. Karani akakishusha taratibu, akashika kalamu, akaandika tarehe.

Mkaguzi na aje tena. Ila safari hii aketi dawati la mbele, pamoja na wanafunzi.