Dakika ya Kimya kwa Papa Anselme

Aibu niliyoipata Tottenham sijawahi kuipata kwingine, na afadhali niwasimulie mwenyewe kuliko muisikie kwa watu wa kanisani, maana wao wanaitia chumvi. Niliusimamisha ukumbi mzima kumwombea marehemu ambaye hakuwa amekufa.

Kabla ya kuja London nilikuwa mpiga picha wa televisheni ndogo ya jimbo letu, kule kando ya Ziwa Kivu, iliyokuwa ikitangaza kwa Kifaransa peke yake, na aliyeianzisha na kuiongoza aliitwa Papa Anselme (kwetu kila mwanamume mzima huitwa Papa, kama mnavyosema Baba au Mzee). Mama Neema, aliyekuwa akisoma habari (sasa anatunza wazee hapa hapa Tottenham), aliona watoto wetu waliozaliwa huku hawajui tulikotoka, akaomba ukumbi wa kanisa Jumamosi moja mchana, akaniambia, "Papa Josué, wewe utasimulia historia ya televisheni, ulikuwepo tangu mwanzo." Nikakubali, mimi tena, nikipewa maikrofoni sikatai. Kitu ambacho hakuniambia ni kwamba alikuwa amemwalika Papa Anselme kutoka Ubelgiji, alitaka tushtukie tu tunamwona.

Asubuhi ya siku hiyo natoka shifti ya usafi Stratford, nimepanda basi, simu ikatetemeka, na juu ya kioo nikaona mwanzo wa ujumbe wa gurupu letu la waliofanya kazi televisheni, tunaoishi London: "Tumempoteza Papa Anselme." Sikuufungua. Machozi yalikuwa karibu na basi limejaa watu, nikaona nitausoma nikitulia, nikazima simu kabisa nipate kuomboleza. Kumbe ujumbe uliendelea hivi: "hapa stesheni ya Stratford, aliye karibu atusaidie kumtafuta." Aliye karibu nilikuwa mimi, na basi langu ndiyo kwanza lilikuwa linaondoka.

Nikapita sokoni nikanunua mshumaa. Ukumbini nikakuta watoto, wazee wa kanisa na majirani, lakini wenzangu wa televisheni hakuna hata mmoja, wala Mama Neema, nikasema moyoni, bila shaka wamekwenda kwenye msiba (walikuwa Stratford, wanazunguka kumtafuta mzee wa watu). Nikaona si vizuri watu wakae bure, nikaweka picha ya Papa Anselme mezani, nikawasha mshumaa, nikatangaza kifo, nikaomba watu wasimame tukae kimya dakika moja.

Wakati wamesimama, mlango ukafunguka taratibu, akaingia mzee mwenye koti refu, akaona watu wameinamisha vichwa, naye akavua kofia akainama. Sikumtazama vizuri, macho yalikuwa na machozi.

Walipokaa nikaanza historia. Nikaeleza jinsi tulivyoanza na kamera moja ya kuazima na chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, tukitundika blanketi ukutani ili sauti isirudi, jinsi mvua ikinyesha antena ilivyokuwa ikiinama na nusu ya mji kubaki bila picha. Kisha nikafika kwa marehemu mwenyewe, na kwa kuwa marehemu hajibu, nikajiachia. Nikasema habari ya jioni alikuwa akiisoma mwenyewe, koti na tai juu, chini kandambili. Nikasema alikataza Kiswahili studio, ukikohoa tu ukohoe kwa Kifaransa, na mama zetu sokoni walikuwa wakitazama habari kama watu wanaotazama samaki, midomo inacheza wao hawaelewi kitu. Watu wakacheka sana, nami nikazidi kukoleza.

Mzee wa nyuma akanyanyua mkono.

"Papa Josué, nani amekufa?"

Ilikuwa sauti ile ile ya habari ya jioni, ila sasa inasema Kiswahili, kitu ambacho miaka yote ile sikuwahi kukisikia kinywani mwake. Watu wakageuka wakamtazama, wakaitazama picha, wakamtazama tena. Mama mmoja akapuliza mshumaa. Mimi nikasema tu, "Karibu, Papa."

Akaja mbele polepole, akachukua maikrofoni mkononi mwangu.

"Ya kandambili ni kweli," akasema. "Na ya Kiswahili ni kweli. Leo nimepotea stesheni, nimeuliza watu kwa Kifaransa, kila mtu ananipita. Nikachoka, nikajisemea kwa Kiswahili kwamba sasa nitalala hapa. Mhindi mmoja, mzaliwa wa Kisumu, anaishi Southall, akanisikia, akanileta hadi mlangoni. Wale mama wa sokoni niliwakosea."

Mama Neema akaingia na wenzetu wamechoka, akaniuliza kwa upole tu, "Wewe si ulikuwa Stratford?" Nikawasha simu, nikausoma ule ujumbe hadi mwisho.

Siku hizi ujumbe wowote naufungua hadi neno la mwisho, hata kama ni wa msiba na basi limejaa, na sitangazi kifo cha mtu kabla sijapiga simu kwao. Papa Anselme amerudi Ubelgiji na hunipigia mara kwa mara, ila jina lake halitaji tena. Nikipokea husema tu, "Marehemu hapa, habari za huko?"