Mke Wangu Amekiri Uzinzi Ambao Hakuufanya

Naomba jina langu lisitajwe, maana huku Nyamira tunajuana sana. Nina miaka thelathini na sita, mwalimu wa kemia, na mwaka wa tisa huu nimeoana na mwanamke nitakayemwita Kerubo. Tumezika mtoto mmoja. Aliyebaki, Moraa, ana miaka minne, na mifupa humuuma hadi sauti ya kulia inamwishia.

Kabla ya ualimu nilisomea protini ng'ambo. Tulizipiga fuwele zake eksirei, kisha kutokana na madoa kwenye filamu tukapiga hesabu miezi na miezi mpaka umbo lijulikane. Protini ni kama shanga kwenye uzi uliojikunja. Ile ya damu, shanga moja tu ikikosewa, chembe za damu hupinda kama mundu na kuziba mishipa. Huo ndio ugonjwa wa Moraa, na huku kwetu hauna dawa ya kuuponya. Mtoto huupata akiurithi kwa baba na mama, wote wawili. Nilijipima kule kule maabara nikakuta nimeubeba bila kuugua. Nikarudi, nikaoa, nikanyamaza. Nilikuwa msomi wa kwanza wa ukoo wetu, sikutaka isemwe damu yangu ina dosari.

Mama yangu hakosi Sabato kanisani, lakini ya kale hajayaacha. Alisema hii ni amasangia, yaani mke akitoka nje ya ndoa kisha akamhudumia mgonjwa, mgonjwa huzidiwa.

"Kerubo, taja uliyelala naye, utakaswe, mtoto apone. Ama unataka tuzike wa pili?"

Nilikuwa hapo hapo nakunywa chai. Nikasema tu, "Mama, watoto huugua." Mimi niliyeichora ile protini kwa mkono wangu.

Mwezi uliopita Kerubo alikiri mbele ya wazee. Alimtaja mwanamume aliyekwisha kufa, asije mtu akapigwa bure. Tukirudi nyumbani akaniambia, "Baba Moraa, nisamehe, nimewadanganya wazee. Labda sasa atapona." Tangu siku hiyo majirani hawamsalimu, nami nasifiwa kwa uvumilivu. Najichukia.

Jumapili maumivu yalirudi. Mama anasema kuna mwingine amefichwa. Jana Kerubo, mtoto akiwa mapajani, aliniuliza, "Nimtaje nani tena?"

Nikisema ukweli, atajua ningeweza kumwambia kabla hajazaa, na Moraa hatapona hata hivyo. Wasomaji, nishaurini. Bado anasubiri, nimjibu nini?