Moto wa Kalongo

Phanice Nasipwondi ni mwanamke mwenye mwili wake, na kazi aliyojichagulia ni ya kukaa sakafuni. Kuketi si neno. Kuinuka ndiyo shughuli. Majirani zake wa mtaa wa Gatwekera husema analipwa kucheza, naye hana ugomvi nao, kwa sababu ni kweli. Alifundisha chekechea ya Sarang'ombe miaka kumi na mmoja kabla ya kusomea ushauri wa watoto, na mpaka leo kila mtoto humwita Ticha.

Ukimuuliza kazi yenyewe ni nini, atakwambia kwamba mtoto huachwa acheze mpaka wazo linalomsumbua lijitokeze lenyewe, kisha wazo hilo hujaribiwa ili ijulikane kama ni la kweli. Kwa hiyo mtoto mpya humkuta ameshapanga mawe matatu ya mafiga, vikopo, udongo na majani, tayari kwa kalongo, ule mchezo wa kupika wa kujifanya ambao hakuna mtoto wa mtaa asiyeujua. Hakuna aliyewahi kuukataa mpaka alipompata Kasyoka.

Kasyoka alikuwa na miaka minane. Nyumba yao ya Gatwekera iliungua mwezi wa pili, mchana, kwa hitilafu ya nyaya za stima, pamoja na nyingine sita. Hakuna aliyeumia, na mama yake akahamia naye Kawangware. Lakini tangu siku hiyo mtoto hakuiachia leso aliyojifunga mama. Shule hakwenda, na mama, anayefulia watu nguo, alikuwa akikosa kazi kwa sababu ya kuandamana naye kila mahali. Alikuwa ameshaamua kwamba mwezi wa tano ukiisha Kasyoka anakwenda Kitui kwa nyanya yake. Phanice aliomba apewe Jumatano tatu.

Jumatano ya kwanza alivuka Ngong Road kwa miguu na mfuko wake wa vikopo, akafika Kawangware akihema. Kasyoka aliyaona mafiga akarudi nyuma hadi ukutani. Phanice akadhani ni msichana mkubwa anayeonea aibu mchezo wa watoto wadogo, akayasukuma kando. Akatoa picha za nyuso, za huzuni na za furaha, wakaongea juu ya moto, na mwishowe akauliza ni nini kilichochoma nyumba.

"Stima, Ticha," Kasyoka alijibu, wima, mikono nyuma.

Phanice akaandika kwenye faili kwamba mtoto anaelewa. Sentensi hiyo inamtia aibu mpaka leo, maana mwalimu wa miaka yote ile alipaswa kulijua jibu la mtihani anapolisikia. Wiki ya pili Kasyoka alikuwa amezidi kung'ang'ania. Hata chooni hakwenda bila mama.

Jumatano ya mwisho Phanice alifika hana mbinu nyingine. Alipanga mafiga kwa mazoea tu, akaanza kupika peke yake huku akiisema vibaya mboga yake ya majani. Alipoinama kuupuliza moto ambao haukuwepo, sauti ikatoka kwenye kona.

"Ticha, usiwashe."

Moyo wa Phanice ulijaa furaha na huruma kwa pamoja. Akauliza polepole kitatokea nini akiwasha. Ikatoka yote, kidogo kidogo. Siku ile Kasyoka alikuwa akipika kalongo nyuma ya nyumba, akaupuliza sana moto wake ili ugali uive haraka, kisha akaitwa kucheza mpira akaenda bila kuuzima. Aliporudi, nyumba ilikuwa inaungua.

Phanice hakumwambia ni stima. Jibu hilo mtoto alikuwa nalo na halikumsaidia kitu. Alimuuliza kama wangeweza kujaribu waone. Kasyoka akafikiri sana, akaburuta kwanza ndoo ya maji ikae karibu, ndipo akaketi. Wakapuliza wote wawili, mashavu yamefura. Alipoulizwa moto utachukua muda gani kuja, mtoto alisema dakika tano. Wakangoja kumi, simu ikihesabu dakika katikati yao. Kasyoka akaligusa jiwe moja kwa ncha ya kidole, halafu kwa kiganja kizima.

"Ni baridi," alisema. Akawaza tena. "Hata siku ile nilishika kikopo na mkono na haikunichoma. Lakini mama alisema nitachoma nyumba."

Mama Kasyoka alikuwa mlangoni akikunja nguo, akaacha. Asubuhi ya siku ya moto mtoto alikuwa amemwaga chumvi ili apate kikopo cha kuchezea, naye akamfokea kwamba na huo mchezo wake wa moto atawachomea nyumba siku moja. Alikuwa amesahau kabisa.

"Nilisema nikiwa na hasira," alisema. "Hukuchoma kitu, mtoto wangu."

"Sasa mbona unanipeleka Kitui?"

Hapo Phanice alitazama pembeni ili machozi yake yasionekane. Miezi mitatu hiyo yote mtoto alikuwa akingojea adhabu yake, ndiyo maana hakuiachia ile leso. Mama akaja akaketi nao sakafuni. Akasema Kitui wataenda Desemba wote wawili, na watarudi wote wawili.

Kasyoka akachota udongo kutoka kwenye kikopo, akampakulia mama juu ya jani. Akamwambia ale haraka asije akachelewa kazini, yeye atabaki na Ticha.